Mfalme wa Sekunde Moja: Mnunuzi wa Gemu na Kampuni Inayozima Seva

Tangu ombi la kuzuia gemu zilizouzwa zisizimwe moja kwa moja lipate saini zaidi ya milioni moja barani Ulaya, nimekuwa nikisikia majibu ya aina mbili. La kwanza ni kejeli: watu wazima wenye ndevu wanalilia midoli. Hilo tuliache lilivyo. La pili limevaa koti la uchumi, na linasadikiwa na watu makini, wakiwamo wachezaji wenyewe: kama hupendi masharti ya kampuni, usinunue, maana mteja ni mfalme na soko litaiadhibu kampuni mbaya. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mteja wa gemu ni mfalme kweli, ila ufalme wake unadumu kwa muda ule tu ambao kidole kiko juu ya kitufe cha kununua. Akishabonyeza, mamlaka yote yamehamia upande wa pili, na kampuni inaweza kukaa nayo miaka kumi bila kumuuliza chochote. Wanaosema saini zile ni hasira za mashabiki hawajaona kwamba kinachogombaniwa ni nani mwenye kauli baada ya pesa kutoka mfukoni.

Kisa kilichowasha moto ni cha The Crew, gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, iliyotoka Desemba 2014. Unaendesha gari kwenye ramani ya Marekani iliyofupishwa, kutoka New York mpaka Los Angeles, na unaweza kuifanya safari hiyo peke yako kabisa, bila kushindana na mtu. Lakini hata ukiwa peke yako, gemu lazima iongee na seva za Ubisoft, yaani kompyuta za kampuni zinazoihudumia kupitia intaneti, la sivyo haifunguki. Desemba 2023 iliondolewa madukani, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Mwenye CD yake kabatini, na kasha na risiti, akabaki na kipande cha plastiki. Wiki chache baadaye wachezaji wa kompyuta waliofungua maktaba zao wakakuta hata leseni imeondolewa, pamoja na ujumbe kwamba hawana tena ruhusa ya kucheza gemu hii, kwa nini wasipite dukani waendelee na safari zao huko. Hilo la duka silisahau. Ni kama fundi aliyekuuzia cherehani aje aichukue nyumbani kwako, kisha akuulize kama hungependa kuona nyingine alizo nazo.

Mmarekani aishiye Poland, Ross Scott, mwenye chaneli ya YouTube iitwayo Accursed Farms, alianzisha kampeni Aprili 2024. Ombi rasmi kwa Umoja wa Ulaya likafunguliwa kwa saini Julai 31 mwaka huo na kufungwa siku kama hiyo 2025, likiwa limevuka milioni moja mwanzoni mwa Julai. Baada ya saini kuhakikiwa, mwanzoni mwa 2026 likawasilishwa kwa Tume ya Ulaya, ambayo inatakiwa kujibu ndani ya miezi sita, ingawa halazimishwi mtu kutunga sheria. Uingereza nako ombi la raia lilivuka saini 100,000, likajadiliwa bungeni Novemba 2025, na serikali ikasema haina mpango wa kubadili sheria.

Kosa la kwanza la wakosoaji ni kudhani kinachodaiwa ni seva ziwake milele. Hakuna aliyesema hivyo. Wanachotaka ni kwamba siku kampuni inapoamua kuondoka, iiache gemu ikiwa inachezeka kwa namna fulani: ama iondoe ulazima wa kuunganishwa, ama iwaachie wachezaji programu ya kuendesha seva zao wenyewe. Jambo hilo limeshafanyika. Knockout City, gemu ya kurushiana mipira, ilipozimwa Juni 2023 watengenezaji wake, studio ndogo ya Velan, waliacha toleo ambalo wachezaji wanaweza kuliendesha kwenye seva zao. Ubisoft wenyewe, kelele zilipozidi, waliahidi The Crew 2 itapata njia ya kuchezwa bila intaneti, na 2025 wakatimiza. Kwa hiyo wanaposema kazi hii haiwezekani, tuelewe kwamba kwa gemu nyingi maana yake ni kwamba haikupangiwa bajeti.

Sasa turudi kwa mfalme wetu. Nitakuwa mwongo nikisema uamuzi wa mnunuzi haujawahi kufanya kitu. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza mashine yao ya gemu, Xbox One, kwa masharti mapya: mashine ijiunge na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kuuza au kuazimana CD kuwekewe mipaka. Watu waliwaka. Sony, ambao walikuwa karibu kutoa PlayStation 4, mashine pinzani, wakatoa video fupi ya kuonyesha jinsi ya kumwazima rafiki gemu: mtu mmoja anampa mwenzake kasha, basi. Haikupita Juni, Microsoft wakarudi nyuma. Miaka kumi na moja baadaye, Mei 2024, Sony nao walijaribu kuwalazimisha waliokwisha kununua gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti za PlayStation, huduma ambayo haipo rasmi katika nchi na maeneo zaidi ya 170, Tanzania na Kenya zikiwamo. Zikamwagika tathmini mbaya kwa siku tatu na Sony wakaufuta mpango. Wenye hoja ya soko huru wanaipenda mifano hii, na wana haki ya kuipenda.

Ila itazame kwa makini uone mifano hiyo inashirikiana nini. Xbox One ilikuwa haijaanza kuuzwa. Helldivers 2 ilikuwa na miezi mitatu tu sokoni na bado inauzwa kama maandazi ya asubuhi. Kote kampuni ilikuwa na mauzo ya kesho ya kupoteza, na mnunuzi alikuwa na kitu cha kunyima. The Crew ilizimwa ikiwa na miaka zaidi ya tisa, imeshaondolewa dukani, haina shilingi ya kumwingizia mtu. Hapo ukisusa unasusa nini? Unaweza kususia gemu ijayo ya kampuni ile ile, lakini hiyo ni adhabu kwa bidhaa nyingine, inayotolewa na wachache walioumizwa, huku mamilioni wasiojua kilichotokea wakiendelea kununua. Soko huadhibu vizuri kosa linalofanyika mauzo yakiwa moto. Kosa linalofanyika bidhaa ikiwa baridi halina mchapa fimbo.

Na hata ule ushindi wa 2013 umeyeyuka kimyakimya. Leo PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700, inakuja bila kisomeo cha CD. Ukikitaka unanunua pembeni. Nintendo Switch 2 ina kadi za gemu ambazo ndani yake hamna gemu, mna ufunguo tu wa kuipakua. Mambo yale yale yaliyokataliwa kwa kelele mwaka 2013, gemu isiyoazimika na gemu inayotegemea seva, yameingia kwa mlango wa nyuma, kidogo kidogo, bila siku hata moja ambayo mnunuzi aliulizwa ndiyo au hapana. Ukiniuliza, huo ndio udhaifu mkubwa wa falsafa ya kupiga kura kwa pochi: kura inapigwa pale tu kampuni inapoamua kuitisha uchaguzi.

Kuna jambo la pili linalomvua mfalme taji, nalo ni kutojua. Ili nichague vizuri kati ya gemu mbili lazima nijue kila moja itaishi muda gani. Aijuaye tarehe ya kifo, au angalau anayeikadiria, ni muuzaji peke yake, na haiandiki popote. Wahenga waliita hali hii kuuziwa mbuzi kwenye gunia. California ilijaribu kulitatua kwa sheria iliyoanza Januari 2025, inayolitaka duka la mtandaoni limweleze mteja wazi kama anapata leseni tu badala ya umiliki. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, lilitangulia kuweka tangazo hilo pale pale penye kapu la kulipia. Ni hatua nzuri, nami siibezi. Lakini gunia sasa lina lebo isemayo ndani mna mbuzi, na huyo mbuzi tunaweza kuja kumchukua wakati wowote. Bado hujui lini. Na kama gunia zote sokoni zina lebo ile ile, utachagua lipi?

Hapa ndipo inapokuja hoja dhaifu kuliko zote, inayorudiwa kwa sauti kubwa kuliko zote: ulikubali masharti. Wanunuzi wawili wa California walipoishtaki Ubisoft Novemba 2024, kampuni ilijitetea hivyo: wateja hawakununua gemu, walipata leseni yenye mipaka, na kwenye kasha paliandikwa kwamba huduma za mtandaoni zinaweza kusitishwa kwa notisi ya siku 30. Tuwe waadilifu, maandishi hayo yalikuwapo. Lakini walalamikaji nao wakaleta picha ya msimbo wa kuwashia sehemu za gemu hiyo, umeandikwa kwamba muda wake unaisha mwaka 2099. Kasha moja, ahadi mbili. Ukilichukua dukani linasema nunua. Ukiligeuza kwa herufi za sisimizi linasema labda. Ndani yake msimbo unakupa miaka 85. Sisi tuliokua na matangazo ya redio yanayomalizika kwa mtu kusema kwa kasi ya treni “vigezo na masharti kuzingatiwa” tunaijua mbinu hii. Kukubaliana ni jambo la watu wawili wenye uwezo wa kukataa kifungu kimojawapo. Mimi siwezi kuipigia Ubisoft nikawaambia kifungu cha saba sikitaki, mengine sawa. Halafu kuna hili: kama neno “leseni” lingekuwa na nguvu hiyo wanayodai, kwa nini kitufe chenyewe bado kinaitwa “nunua”? Wanajua kikiitwa “kodi kwa muda usiojulikana” bei ya dola 60 haitalipika.

Katika kelele hizi wapo pia walioonewa upande wa pili. Januari 2024 mkurugenzi wa huduma za usajili wa Ubisoft aliponukuliwa akisema wachezaji itabidi wazoee kutomiliki gemu zao, alichomwa mtandaoni kama aliyekiri wizi. Ukisoma mazungumzo yenyewe, alikuwa akijibu swali kuhusu usajili wa kila mwezi utakavyokua, akilinganisha na watu walivyozoea kuishi bila CD za muziki na DVD za filamu. Alichosema ni kweli tupu. Mtu anayelipia kifurushi cha mwezi anajua amekodi. Tatizo ni kukodishwa ukidhani umenunua.

Hoja nzito za kampuni nazo zipo, na hazijibiwi kwa kaulimbiu. Video Games Europe, chombo kinachozisemea kampuni hizo, kimesema gemu nyingi zimesukwa tangu mwanzo ziishi mtandaoni tu, na kwamba seva zikiachwa mikononi mwa watu binafsi hakutakuwa na wa kulinda taarifa za wachezaji wala wa kuondoa maudhui haramu, huku lawama zikiweza kuirudia kampuni. Wanaongeza kwamba gharama itapanda kiasi cha kuwaogopesha watengenezaji. Hilo la gharama nalichukua kwa uzito kwa studio ndogo. Gemu ya leo ya mtandaoni si programu moja kwenye kompyuta moja. Ni huduma kadhaa zinazoshikana mikono, nyingine za kampuni tofauti kabisa, na leseni zake haziruhusu kugawiwa bure. Kuifungua mashine kama hiyo ikiwa imeshazeeka, na walioiunda wameshaachishwa kazi, ni kazi ya kweli. Ndiyo maana sheria yoyote yenye akili haitarudi nyuma. Itagusa gemu zitakazoanza kusukwa baada yake, pale ambapo kupanga mlango wa kutokea ni rahisi kama kuupanga kwenye ramani ya nyumba kabla ya kumwaga zege.

Ile hoja ya leseni za magari na muziki, kwamba mikataba na watengenezaji magari huisha na kampuni haina la kufanya, inajibiwa na gemu ya jinsi ile ile. Forza Horizon 4 ya Microsoft iliondolewa madukani Desemba 2024 kwa sababu hizo hizo za leseni. Haiuzwi tena. Aliyeinunua kabla ya hapo anaendelea kuipakua na kuicheza. Kumbe leseni ikiisha inazuia kuuza nakala mpya. Kuwafuata walionunua zamani ni uamuzi mwingine.

Niruhusuni niingie kidogo kibandani. Tandika, Dar es Salaam, kuna kibanda cha gemu ninachopita karibu kila jioni: runinga mbili, mabenchi ya mbao, pedi ambazo kitufe kimoja lazima ukibonyeze kwa kucha. Anayefungwa ndiye anayelipa. Mwenye kibanda anatunza CD zake kwenye kopo la biskuti, na ikianza kukwama anaipaka dawa ya meno, anaifuta kwa fulana akitokea katikati kwenda nje, anairudisha. Mwezi uliopita vijana walikuwa kwenye FIFA 19, Messi bado yuko Barcelona na Hazard bado yuko Chelsea, wanapigiana kelele kama mechi ya jana. EA, watengenezaji wa gemu hiyo ya soka, walipoachana na shirikisho la FIFA mwaka 2023 waliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni. Leo huwezi kuzinunua huko hata ukiwa na pesa. Kibanda hakina habari. Watu wawili, mashine moja, CD moja iliyokwisha kupita mikono mitatu au minne, na hakuna seva yoyote duniani inayoombwa ruhusa. Biashara ile yote imesimama juu ya haki ndogo ambayo hatujawahi hata kuipa jina: kitu nilichonunua nikiuze, nikikodishe, nikiazime, na anayekitengeneza asiwe na neno. CD ikiondoka, haki hiyo inaondoka nayo, na haitapelekwa kwenye uchaguzi wowote.

Kwa hiyo tukienda mbele, nini kitatokea kampuni zikibanwa? Jibu la wazi ni kwamba zitaacha kuuza. Zitahamia kwenye gemu za bure zenye vitu vya kulipia ndani, na kwenye vifurushi vya mwezi, ambako hakuna “mauzo” ya kulindwa. Wanaopinga ombi la Ulaya wanalitaja hili kama kitisho, na si kitisho cha uongo. Oktoba 2025 Microsoft walipandisha kifurushi kikubwa cha Game Pass, huduma yao ya kucheza gemu kwa malipo ya mwezi, kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi kwa mpigo mmoja, na hao ndio waliokuwa wameinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard miaka miwili kabla kwa dola bilioni 68.7, huku wakiwaahidi wasimamizi wa ushindani kwamba mchezaji atafaidika. EA nayo, yenye soka linalochezwa vibandani kwetu, Septemba 2025 ilitangaza kuuzwa kwa dola bilioni 55 kwa kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, karibu bilioni 20 zikiwa za mkopo. Deni la namna hiyo lazima lilipwe na mtu, na kwenye biashara hii mlipaji ni mmoja tu. Hata hivyo, kati ya kukodi kunakoitwa kukodi na kukodi kunakoitwa kununua, nachagua la kwanza. Mpangaji anayejua ni mpangaji hajengi ukuta. Anapanga maisha yake kwa mwezi, na kodi ikipanda anahama. Hapo hoja ya “usinunue” inaanza kuwa na maana, kwa sababu ufalme wa mteja unajirudia kila tarehe ya kulipa.

Na sisi huku? Wapo watakaosema Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, ni mbali. Waulizeni wenye iPhone, ambao tangu Septemba 2023 simu mpya inakuja na tundu la chaja kama la simu nyingine zote. Sheria ni ya Ulaya, chaja iko Kariakoo. Au mchukue Valve, wenye duka la Steam. Tume ya ushindani ya Australia iliwashtaki 2014 kwa kuwanyima wateja haki ya kurudishiwa pesa. Katikati ya 2015, kesi ikiendelea, Steam ikaanza kurudisha pesa kwa dunia nzima, ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Mahakama ilikuja kuwatoza faini baadaye. Miaka yote kabla ya hapo wateja walikuwa wakilalamika na kuendelea kununua.

Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, yenye vifungu kuhusu mikataba ya intaneti. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003. Lakini kijana wa Tandika au wa Eastleigh anayetaka kununua gemu kwenye duka la PlayStation anafungua akaunti akijiandika yuko Marekani au Afrika Kusini, ananunua kadi ya salio ya huko kwa mtu wa WhatsApp, na kwa kufanya hivyo amevunja masharti kabla hata hajapakua kitu. Kwenye vitabu vya kampuni yeye si Mtanzania wala Mkenya. Hana dawati la kumlalamikia, na akienda kwa mdhibiti wa kwao atakuwa anaonyesha risiti ya mtu wa Texas. Jibu la Tume ya Ulaya likitoka, nitaangalia kama linaishia kwenye lebo dukani au linagusa kinachotokea baada ya malipo. Likiishia kwenye lebo, yeye halimhusu. Duka analonunulia huko Marekani limeshamwandikia kwamba anapata leseni, naye alibonyeza ndiyo, kwa jina la mji ambao hajawahi kufika.